Nimeuziwa simu ya mtumba kwa bei ya mpya, na wanasema bidhaa ikiuzwa hairudi

SWALI: Salaam wakili. Niko Kisauni, Mombasa. Niliona simu kwenye duka moja la Insta, wako Nairobi, wameandika "mpya kabisa, haijafunguliwa, warantii mwaka mmoja", 18,500. Nikalipa kwa till ya M-Pesa, wakanitumia kwa parseli ya basi, nikalipa mia nne ya kuichukua. Kufika naona boksi lishafunguliwa, kuwauliza wakasema wamenisetia kila kitu ili nisisumbuke. Kesho yake saa kumi na moja kasorobo alfajiri simu ikalia alamu imeandikwa AMKA SHIFT. Mimi sina shift, nauza mahamri, na saa hizo nishaamka zamani. Kuiangalia vizuri pembeni ina mikwaruzo na chaji haifiki adhuhuri. Nimewaambia nataka pesa yangu, wamenijibu sera yao bidhaa ikiuzwa hairudi ila naweza kuongeza elfu tatu wanipe nyingine. Leo siku ya tisa na bado naitumia manake ile ya zamani nilimpa mdogo wangu. Boksi nilikuwa nishalitupa lakini nimeliona kwa jirani watoto wanalichezea. Nina haki ama nishaliwa?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza pole, na pili hujaliwa, tuseme umeng'atwa lakini bado hujamezwa. Pesa yako unaidai yote, 18,500 na ile mia nne ya parseli juu yake, na hiyo elfu tatu usiitoe hata wakikubembeleza vipi. Ila kabla hujaendelea kusoma fanya mambo mawili. Nenda kachukue lile boksi kwa jirani leo leo, wape watoto boksi jingine. Halafu toa laini kwenye hiyo simu na umwombe mdogo wako ile ya zamani kwa siku chache, hata akinuna. Sababu nitakueleza huko chini, lakini kila siku unayoendelea kuitumia unawapa wao neno la kusema.

Sasa tuanze na hiyo sentensi yao. Bidhaa ikiuzwa hairudi. Hii sentensi nimeikuta kila mahali, iko kwenye risiti za Biashara Street, imegongwa kwa muhuri kwenye risiti za maduka ya vyuma, imebandikwa juu ya kaunta pembeni ya ile nyingine ya leo taslimu kesho mkopo, na siku hizi imehamia kwenye bayo za Insta. Imeandikwa mara nyingi mpaka watu wanadhani ni sheria, hata wauzaji wenyewe wanaamini. Si sheria. Ni matamanio ya muuzaji. Kenya tuna sheria ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka 2012, na hiyo sheria inasema wazi kwamba haki zilizomo ndani yake zinabaki palepale hata kama mnunuzi alikubali vingine. Yaani hata ungekuwa umetia sahihi karatasi inayosema "nimekubali sitarudisha", hiyo karatasi haiwezi kuua haki ambayo sheria imekupa. Na juu ya hiyo sheria kuna Katiba yenyewe ya 2010, kifungu cha 46, ambacho kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kweli anazohitaji kuhusu anachonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu bidhaa ina kasoro. Watu wanadhani Katiba ni ya wanasiasa peke yao, kumbe simu yako imo ndani.

Lakini hapa lazima nitenganishe mambo mawili manake wengi wanaonijia wanayachanganya, wakifika mbele ya muuzaji wanadai kitu kisichokuwepo wanachekwa.

La kwanza ni kubadilisha nia. Umeagiza dera la kijani, limekuja dera la kijani, saizi yako, kitambaa kilekile cha kwenye picha, ila ukilivaa unaona bora ungechukua la zambarau. Hapo sheria yetu haikupi haki ya jumla ya kurudisha. Najua wengi mna jamaa Uingereza ama mnaangalia zile video za kule, mtu anaagiza viatu jozi nne anabaki na moja, na ni kweli kule ukinunua mtandaoni una siku 14 za kughairi bila kumwambia mtu kwa nini. Hiyo ni sheria yao, kwetu haikuja namna hiyo. Kwetu ukibadilisha nia unategemea sera ya duka, na maduka makubwa ya mtandaoni mengi yanayo, wanakupa siku kadhaa za kurudisha kitu kikiwa hakijatumika. Hiyo sera wakishaitangaza ni ahadi, inawabana, hawawezi kuigeuza baada ya wewe kulipa. Ndo nasema siku zote sera ya kurudisha ipigwe skrinishoti siku ya kununua, siku ya kugombana utaikuta imebadilika.

La pili ndo lako. Ulichoahidiwa si ulicholetewa. Hapo hatuzungumzii sera ya mtu, wala siku saba, wala kama boksi limefunguliwa. Ile sheria ya 2012 ina orodha ya mambo inayoyahesabu ni udanganyifu kwa mnunuzi, na mojawapo imeandikwa utadhani walikuwa wanakufikiria wewe, ni kusema kwamba bidhaa ni mpya ama haijatumika na kumbe si mpya ama imetengenezwa upya. Sheria inamruhusu muuzaji afungue, ajaribu, aandae bidhaa kabla ya kukuletea na hiyo haifanyi iwe mtumba, ndo maana hao wajanja wakakimbilia kusema "tumekusetia". Lakini kusetia simu hakuleti mikwaruzo, na hakuna fundi anayemsetia mteja alamu ya kwenda shift. Hiyo simu ilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa na kazi ya asubuhi. Hizi simu zinaitwa Ex-UK huko Nairobi, yaani mtumba wa kutoka Uingereza, zinauzwa kihalali kabisa na watu wengi wanazitaka kwa sababu ni bei nafuu, tatizo si kuuza mtumba, tatizo ni kuuza mtumba ukauita mpya na ukachukua bei ya mpya.

Mkataba uliofanywa kwa udanganyifu wa namna hiyo unaweza kuuvunja, ukarudishiwa pesa, na ukadai na hasara uliyopata. Na una mwaka mzima tangu siku ya kununua kuwapa notisi. Mwaka mzima, dadangu, kwa hiyo wakikwambia "siku zako zimepita" usitetemeke.

Ila usistarehe pia. Kuna sheria nyingine ya zamani, ile ya uuzaji wa bidhaa, tuliirithi kutoka kwa Waingereza ambao waliiandika 1893 wakati hata simu ya kukoroga ilikuwa ya matajiri, na bado inafanya kazi vizuri kuliko nyingi za juzi. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo, na isipolingana unaweza kuikataa. Lakini ukikaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili bila kusema kitu, ama ukaitumia kama mwenye mali baada ya kujua kasoro, unahesabiwa umeikubali. Ukishahesabiwa umeikubali unabaki na madai ya fidia tu, tofauti ya bei ya mpya na ya mtumba, na kurudisha simu uchukue chako chote inakuwa vita. Ndo maana nimekwambia toa laini. Siku tisa si nyingi, na umelalamika mapema, hiyo ni nzuri sana kwako. Lakini mtu anayesema "naikataa hii simu" halafu kila jioni anapiga nayo stori za mahamri akizipandisha Insta, muuzaji atazichukua zile stori azionyeshe.

Mimi mwenyewe hii ilinikuta, wakili mzima. Niliagiza blenda ya lita mbili, ikaja ndogo ya lita moja na nusu, nikakasirika siku ya kwanza, siku ya pili nikasema nitawapigia kesho, ikaingia Ramadhani nikaanza kusagia juisi ya ukwaju, kuja kukumbuka ni mwezi wa nne. Nilipowapigia walinisikiliza kwa heshima wakaniuliza swali moja tu, umeitumia? Nikakata simu. Bado iko jikoni, na kila mgeni akija lazima nisage mara mbili.

Kitu kingine kutoka kwa hiyohiyo sheria ya zamani ambacho watu hawakijui kabisa. Ukishakataa bidhaa kwa haki, hulazimiki wewe kuirudisha mpaka mlangoni kwao. Unatakiwa uwaambie tu kwamba umeikataa na iko hapa njooni mchukue. Kwa hiyo wakikwambia "tuma kwa gharama zako ndo tuangalie", hiyo gharama si yako. Kiutendaji mara nyingine unalipa mia nne ili mambo yaishe, mi sikukatazi, lakini uilipe ukijua unawafanyia hisani, na uiandike kwenye hesabu yako.

Kuhusu kubadilishiwa. Wakikupa simu mpya kweli ya aina ileile bila kuongeza kitu na wewe ukaridhika, chukua, mambo yaishe. Lakini hawawezi kukulazimisha ubadilishe, wala kukupa "krediti ya duka" ununue kingine kwao, manake mtu aliyekudanganya mara moja anakuambia umwachie pesa akuchagulie tena. Na wakianza kusema "ilete fundi wetu aitazame, warantii ipo", jibu ni kwamba warantii ni ya kitu kilichoharibika, na hapa hakuna kilichoharibika, hapa mmeleta kitu kisichokuwa chenyewe. Fundi hawezi kuitengeneza simu ikawa haijatumika.

Kuna na sehemu ya mikataba ya mtandaoni kwenye ile sheria ya 2012 ambayo nimeona vijana wa TikTok wanaipigia debe sana. Inasema muuzaji wa mtandaoni akuonyeshe habari zote muhimu kabla hujalipa, akupe nafasi ya kukubali ama kukataa na kurekebisha makosa, halafu akupe nakala ya mkataba. Asipokuonyesha hizo habari unaweza kughairi mpaka siku saba baada ya kupata nakala, na asipokupa nakala yenyewe unaweza kughairi ndani ya siku 30 tangu mlipokubaliana. Duka la Insta linalouza kwa DM halifanyi hata moja kati ya hayo. Ni silaha nzuri, itaje kwenye barua, lakini usiisimamie peke yake kwa sababu sheria imeifunga kwenye kiwango cha pesa kinachowekwa na kanuni na wakili wao akiamka vizuri ataanzia hapohapo. Hoja yako ya kusema mpya na kumbe si mpya haina huo mlango wa kutokea.

Basi, tuje kwenye kazi yenyewe. Leo usiku ukishamaliza kuumua unga kaa chini na simu ya mdogo wako.

Fungua ukurasa wa hao jamaa na urekodi skrini, si skrinishoti peke yake, rekodi ukianzia kwenye jina la akaunti, ushuke mpaka kwenye tangazo la simu, usome maneno ya "mpya kabisa, haijafunguliwa", uonyeshe bei. Jina la akaunti linaweza kubadilishwa kwa dakika moja na stori inapotea baada ya masaa 24, kwa hiyo usingoje kesho. Halafu chati zenu zote, zitoe wasap kama faili zima uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, na hakikisha hamjaweka zile meseji za kujifuta. Usifute yako hata moja, hata ile uliyowatukana kama ipo, manake chati iliyokatwakatwa inaonekana kama ina kitu kinafichwa.

Sasa simu. Bonyeza *#06# itakuletea namba ya IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Linganisha na ile iliyochapishwa kwenye boksi. Kama hazilingani, dadangu, umeshamaliza kazi nusu, boksi ni la simu nyingine. Piga picha zote mbili kwenye fremu moja. Zikilingana usivunjike moyo, inamaanisha boksi ni lake tu, haimaanishi ni mpya. Piga video mchana kwenye mwanga, mikwaruzo, tundu la chaji, na ile alamu. Alamu ipige ikiwa imelala kwenye orodha na jina lake, halafu iache ilie kesho uirekodi ikilia na saa inaonekana.

Halafu ile meseji ya M-Pesa. Watu wanaitazama kama risiti lakini kwa wakili ile ni kitambulisho. Soma jina lililoandikwa baada ya "paid to". Mara nyingi si jina la duka, ukurasa unaitwa hivi na till ni ya fulani Enterprises. Huyo wa kwenye meseji ndiye aliyepokea pesa yako na ndiye utakayemwandikia na ikibidi kumshtaki. Ukiingia eCitizen, upande wa usajili wa biashara, unaweza kuomba taarifa za jina hilo ujue nani yuko nyuma yake. Duka la Insta linaweza kupotea leo jioni likarudi kesho na jina jipya, lakini aliyesajili till ana kitambulisho.

Na tafadhali, usiitume hiyo meseji 456 kuomba pesa irudishwe. Najua kuna mtu atakushauri. Ile huduma ni ya mtu aliyekosea namba, na wewe hukukosea namba, ulilipa uliyetaka kumlipa. Ukisema ulikosea unakuwa umesema uongo kwa maandishi, na kesi ambayo yote imesimama juu ya ukweli wako unaitoboa mwenyewe. Ingekuwa ulilipa kwa kadi ya benki hiyo ni habari nyingine, hapo ungeenda benki ujaze fomu ya kupinga malipo kwamba bidhaa haikulingana na maelezo, na ni njia nzuri sana, wengi wanaisahau.

Ukishakusanya, waandikie. Meseji moja, wasap na barua pepe na DM, ileile kote. Usiwatukane na usiandike kwa herufi kubwa. Andika hivi, utabadilisha tarehe na majina:

"Tarehe fulani niliwalipa shilingi 18,500 kwa till namba fulani, namba ya muamala wa M-Pesa ni hii, kwa simu mliyoitangaza kuwa mpya na haijafunguliwa. Simu niliyopokea imetumika: ina mikwaruzo, ilikuja na alamu ya mtumiaji mwingine, na chaji haimalizi nusu siku. Niliwalalamikia tarehe fulani. Kwa meseji hii nawapa notisi kwamba naikataa simu hiyo na navunja mkataba kwa sababu mliniambia ni mpya na si mpya, kinyume cha sheria ya kuwalinda wanunuzi ya 2012. Nataka nirudishiwe 18,500 pamoja na 400 za parseli ndani ya siku saba. Simu nimeacha kuitumia, iko Kisauni, mnaweza kuichukua wakati wowote mnaponirudishia pesa. Zikipita siku saba nitapeleka madai Mahakama ya Madai Madogo na malalamiko Mamlaka ya Ushindani."

Inatosha. Usiongeze mambo ya watoto wako na unga umepanda bei, hakimu ataisoma hii siku moja na anataka aelewe ndani ya dakika moja. Tiki zikigeuka buluu piga skrinishoti.

Kwa uzoefu wangu wengi wanalainika hapa. Si kwa kuogopa sheria sana, ni kwa sababu wameona huyu anajua jina la till na ametaja mahakama. Mauzo ya simu faida yake ni ndogo na siku moja ya kupanda ngazi za korti inakula faida ya simu nyingi. Watakupigia, kwa kawaida usiku, watataka mzungumze kwa sauti. Zungumza nao vizuri lakini mkimaliza waandikie "kama tulivyokubaliana kwenye simu sasa hivi, mtanirudishia kiasi hiki siku fulani". Wakikaa kimya bila kupinga, umepata ushahidi.

Wakikubali, sasa hapa ndo watu wanapoliwa mara ya pili. Usitume simu kwa basi ukingoje pesa. Watasema haikufika, watasema imefika imevunjika kioo, watasema tulikuta haina betri. Tafuta mtu wako Nairobi, binamu, mtu mliyesoma naye, yeyote unayemwamini, umtumie yeye simu. Aende nayo dukani kwao mkono kwa mkono, waiangalie, watume pesa kwenye namba yako, wewe Kisauni ukiona meseji imeingia kwenye simu na salio lako limepanda kweli, si skrinishoti, salio, ndo umwambie aiachie. Na akaunti yako ya Google uwe umeitoa kabisa, manake ukiiacha ndani simu inaweza kujifunga wakiisafisha halafu waseme umeiharibu makusudi. Kuisafisha kwenyewe ifanywe hapohapo mbele yao baada ya pesa kuingia, si kabla.

Kama hawana duka la kuonekana, wanakwambia "sisi ni wa mtandaoni tu", basi waje kuchukua wao. Simu iko kwako, na haikimbii.

Wakigoma ama wakiku-blok, una milango miwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inapokea malalamiko ya wanunuzi waliodanganywa kwenye maelezo ya bidhaa, hulipi kitu, unaandika na kuambatanisha ushahidi. Mimi huwa nawaambia watu wapeleke hata kama wanaenda mahakamani, kwa sababu yule mwuzaji hakukufanyia wewe peke yako na malalamiko yakirundikana juu ya jina moja yanaanza kuwa na uzito. Lakini kama unataka 18,900 yako mkononi haraka, mlango ni ule wa pili.

Mahakama ya Madai Madogo. Hizi zilianza kazi Milimani Nairobi mwaka 2021 na Mombasa ipo. Inasikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, najipunguzia mkate mwenyewe kukwambia hivyo lakini kwa elfu kumi na nane wakili atakula zaidi ya unachodai. Unajaza fomu ya madai, karani atakuonyesha, unaambatanisha tangazo, chati, meseji ya M-Pesa, picha za IMEI na ile barua ya siku saba. Kiswahili unazungumza bila wasiwasi. Mahakama hii haifungwi na zile kanuni kali za ushahidi ambazo mmeziona kwenye tamthilia, hakimu anataka kujua nini kilitokea. Eleza kwenye fomu kwamba ulilipia Mombasa na ulipokelea Mombasa, ili wasianze kukuvutavuta uende Nairobi. Na katika madai weka gharama za kufungua kesi pia. Simu yenyewe nenda nayo. Nilishaona mtu kaenda na picha nzuri kabisa za kitu alichokiacha nyumbani, hakimu akaomba akione, ikabidi irudiwe siku nyingine.

Polisi? Wengi wanakimbilia huko kwanza. Ungekuwa ulilipa na kitu hakikuja na mtu katoweka, ningekwambia nenda kaandikishe OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, leo, huo ni wizi wa kawaida. Wewe una mtu anayejibu meseji na anabishana, afisa atakwambia hiyo ni ya madai na atakuwa hajakosea sana.

Kwa wasomaji wa Tanga na Dar ambao najua mtaniuliza, kwenu ile sheria ya uuzaji wa bidhaa ni ndugu wa hii yetu, mama mmoja, kwa hiyo habari ya bidhaa kulingana na maelezo na kuikataa mapema inawahusu pia. Malalamiko yenu mnapeleka Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya 2003, na mnayo sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inayomtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi. Na dai risiti jamani, huko kwenu kutodai risiti ni kosa la mnunuzi pia.

Dadangu wa Kisauni, siku nyingine chagua wa kulipa mzigo ukifika, na ukifungua parseli fungua palepale ofisi ya basi mwenzako akipiga video bila kukata. Wao wakikataa kulipwa ukipokea, na bei iko chini ya maduka yote ya Luthuli, ule mtaa wa simu Nairobi, jiulize anapata wapi faida. Sasa hivi kaanze na boksi kabla watoto hawajalichana ile sehemu yenye namba. Wakikujibu niletee jibu lao lilivyo, bila kunifupishia.